Kulala ndani ya Hiace: dalili za hewa mbaya na namna ya kuzitibu

Saa kumi na moja alfajiri, Njombe, mwezi wa saba. Nilifuta kioo cha ubavuni kwa kiganja nione kama kumekucha, maji yakatiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Dari ilikuwa inadondosha matone. Blanketi la mwenzangu lilikuwa limelowa upande wote uliogusa bati, na sote wawili tuliamka na vichwa vizito. Jioni yake tulikuwa tumefunga vioo vyote kwa sababu ya baridi.

Tangu hapo nimelala garini kuanzia Pangani hadi Tunduma, na nimewasaidia wenzangu waliogeuza Hiace, Noah na Alphard zao kuwa chumba cha kulala safarini. Malalamiko ninayoletewa ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi. Anza nayo kabla hujafungua pochi.

Kuna jambo moja linalobeba mengine yote: hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Kioo kimoja ukikishusha hadi chini hakikupi kile unachopata kwa mianya miwili ya vidole viwili viwili, mmoja upande unakotoka upepo, mwingine upande wa pili, na ikiwezekana huo wa pili uwe juu zaidi. Jaribu hivi: funga milango, viache vioo kama unavyoviacha ukilala, kisha ning'iniza uzi wa kushonea au ukanda mwembamba wa tishu kwenye kila mwanya. Upande mmoja uzi uvutwe ndani, upande mwingine usukumwe nje. Ukining'inia wima pande zote mbili, hewa imesimama. Moshi wa udi unaonyesha vizuri zaidi, ila uuzime kabla ya kulala.

UNAAMKA KICHWA KINAUMA

Hapa peke yake naacha utaratibu wangu. Sianzi na sababu ya kawaida, naanza na ile inayoua.

SIMAMA. Kama ndani ya gari kulikuwa na jiko la mkaa, jiko la gesi au hita ya mafuta, au injini ilikuwa inaunguruma, iwe yako au ya jirani, na unasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea: fungua milango, toka, mtoe kila mtu, zimeni chanzo kama mnaweza kukifikia bila kukaa ndani, kisha nendeni hospitali hata kama mmepata nafuu mkiwa nje. Usiendeshe wewe uliyekuwa ndani. Waambie wahudumu wazi kwamba mlilala na moto au moshi wa injini.

Sumu yenyewe ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hapati onyo lolote. Usingizi unazidi tu kuwa mzito. Jiko la mkaa lililobaki na makaa machache mekundu yaliyofunikwa majivu halina moshi wa kukushtua, lakini bado linaitoa. Habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko la mkaa tumezisikia sote, na gari ni dogo kuliko chumba chochote. Kioo kilichoshushwa vidole viwili hakifanyi jiko hilo kuwa salama. Hata vioo vinne haviwezi. Mkaa haulali garini, basi.

Vivyo hivyo usiache injini ikiwaka usiku kucha ili upate kiyoyozi. Najua joto la Dar lilivyo. Lakini tundu dogo kwenye bomba la ekzosi, au upepo unaorudisha moshi chini ya gari, vinatosha. Nunua king'amuzi cha kaboni monoksidi cha betri, yaani kifaa kinachopiga kelele sumu hiyo ikiwepo, kiweke karibu na usawa wa kichwa chako ukiwa umelala, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio kabla ya kila safari.

Kama hapakuwa na moto wala injini, sababu huwa hizi:

Hewa imechakaa. Mtu mzima aliyelala hutoa kama lita 12 za kabonidayoksaidi kwa saa. Chukua watu wawili ndani ya Hiace yenye mita 7 za ujazo, vioo vimefungwa kabisa: kila saa kiwango kinapanda kwa sehemu 3,400 hivi katika kila milioni, wakati hewa ya nje ina sehemu 420 au zaidi kidogo. Ni kweli gari linavuja kupitia raba na mifereji ya hewa, kwa hiyo haliwi kama chupa. Lakini mpaka alfajiri ile hewa si ya kulalia. Ili watu wawili wabaki na hewa nzuri, gari linahitaji kubadilisha takriban mita 24 za ujazo kila saa, yaani hewa yote itoke na nyingine iingie zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana mwanya mmoja hautoshi.

Kichwa kiko kwenye kona iliyokufa. Mianya ipo, lakini hewa inapita miguuni na wewe umelaza kichwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa nyuma uliofungwa. Geuza kitanda, au hamishia mwanya mmoja upande wa kichwani.

Umelala bila kunywa maji ya kutosha. Pwani hii hutokea sana, na watu huisingizia hewa.

Jirani. Kwenye maegesho ya malori, lile lililobeba jokofu huunguruma usiku kucha. Ukisikia harufu ya dizeli ndani, usifunge vioo ukalala tena; hamisha gari, ukae upande unakotoka upepo. Na kama kichwa kinakuuma hata unapoendesha, hilo si suala la madirisha tena. Mpelekee fundi wa ekzosi akague bomba lote na raba za mlango wa nyuma.

Nyongeza kuhusu mtungi wa gesi ya kupikia: gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, chini kabisa ya madirisha yako. Ukiisikia harufu usiwashe taa wala tochi wala kugusa swichi ya kioo. Fungua milango kwa mkono, toka, na mtungi ukaguliwe na anayejua kabla haujarudi garini.

VIOO VINATOA JASHO, GODORO LINALOWA

Haya ndiyo malalamiko makubwa ya Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya kati ya mwezi wa sita na wa nane, na wenzetu wa Nanyuki na Naivasha wanayajua vizuri. Wengi hudhani gari linavuja. Kabla ya kumwita fundi, acha gari lilale usiku mmoja bila mtu. Likiamka kavu, maji yametoka kwenu.

Kila mtu hutoa robo lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja, kwa pumzi na kwa ngozi. Sasa hewa ya nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hiace yetu ya mita 7 ina nafasi ya gramu 60 na kidogo tu, na hiyo ni kama ingeanza ikiwa kavu kabisa. Watu wawili wanaijaza kwa muda wa saa moja hivi. Kinachozidi kinakimbilia kitu kilicho baridi kuliko vyote: kioo kwanza, halafu bati.

Vioo vimefungwa kwa kuogopa baridi. Karibu kila mara ni hili. Shusha kioo kimoja cha mbele vidole viwili, fungua cha kusukuma cha nyuma upande wa pili kiasi hicho hicho, na uongeze blanketi. Baridi inatibika kwa blanketi, unyevu hautibiki nalo. Wengi hawaniamini mpaka wajaribu usiku mmoja.

Umepika au umechemsha chai ndani. Kila kilo ya gesi inayoungua hutoa kilo moja na nusu hivi ya maji, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Pikia nje.

Taulo mbichi, viatu vilivyolowa, mwavuli. Vitie kwenye mfuko wa plastiki uufunge, au viweke chini ya gari.

Godoro limelazwa moja kwa moja juu ya plaiwudi. Hili halionekani mpaka uliinue. Mwaka wangu wa kwanza niliinua godoro la inchi nne baada ya wiki tatu, nikakuta umbo la mgongo wangu limechorwa kwenye mbao kwa ukungu mweusi, na kitambaa kikinuka kama kabati la nguo za mtumba. Joto la mwili husukuma mvuke upite kwenye sponji, nao ukikuta mbao baridi unageuka maji. Dawa ni chaga, kama za kitanda cha nyumbani: mbao nyembamba zilizoachana vidole vitatu, na chini yake nafasi ambayo hewa inapita. Asubuhi simamisha godoro ubavu wakati mnakunywa chai. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinafaa kwenye sanduku la kamera. Haviwezi kushindana na robo lita ya kila mtu.

Gari linavuja kweli. Kama lilikuwa na maji hata lilipolala tupu, mwagieni paa maji kwa mpira huku mtu mmoja yuko ndani na tochi. Anza na misumari ya keria, kisha raba za vioo vya kusukuma, kisha taa za nyuma. Ukikuta kutu imekula bati, au nyaya chini ya kapeti zimelowa, usipake silikoni juu ukajiridhisha. Toa waya wa betri, umpelekee fundi bodi na fundi umeme wa magari.

PWANI: VIOO WAZI, JOTO LILE LILE

Umeegesha kwa upepo wa jioni. Mchana upepo hutoka baharini. Usiku, nchi kavu ikishapoa kuliko maji, hewa hugeuka ikatoka bara kwenda baharini, upepo ule ambao wavuvi wanauita umande. Dirisha lililokupa raha saa kumi jioni linaweza lisikupe chochote saa nane usiku. Kwa hiyo usitegemee upande mmoja: acha mwanya upande wa bahari na mwingine upande wa bara, hewa ipite kwa vyovyote itakavyogeuka. Kusi ikivuma kwa nguvu huufunika umande, na hapo elekeza ubavu wa gari kwenye kusi.

Gari lenyewe ni tanuri. Bati hupoa haraka, lakini godoro, viti na mbao hukaa na joto la mchana kwa saa nyingi. Egesha kivulini kuanzia saa tisa alasiri, si magharibi. Jua likibakiza saa nzima kuzama, fungua milango yote na mlango wa nyuma ukiwa umeketi nje, kisha ufunge neti kabla ya magharibi.

Neti imebana hewa. Kila neti hupunguza upepo, na ile ya matundu madogo sana inaweza kuukata hata kwa nusu. Ongeza ukubwa wa mwanya.

Hakuna upepo kabisa. Usiku kama huo hata mianya mitano haisaidii, unahitaji feni. Kosa la wengi ni kuielekeza usoni na kuacha vioo vimefungwa, ikachanganya joto lile lile. Iweke kwenye mwanya wa juu isukume hewa NJE. Hewa ya nje itaingia yenyewe kwa mwanya wa pili. Feni ya volti 12 inayokula ampea 2 itachukua saa za ampea 16 (zile Ah zinazoandikwa kwenye betri) kwa usiku wa saa nane. Betri ya saa za ampea 50 iliyochoka haitawasha gari asubuhi. Tumia betri ya pili, au feni ndogo ya kuchaji.

Na usitarajie vitu kukauka. Hewa ya pwani usiku ina unyevu mwingi. Ukifungua madirisha unatoa joto na hewa chakavu, si maji.

MBU WANAINGIA NA NETI IPO

Kingo za neti. Sogeza mkono polepole kuzunguka fremu nzima. Popote kidole kinapopenya, mbu ameshapenya. Watu hushonea sumaku ndogo kwenye pindo, na ni njia nzuri sana kwenye milango ya bati. Lakini jaribu kwanza kwa sumaku moja: fremu nyingi za vioo vya kusukuma ni za alumini na sumaku haishiki. Hapo tumia velkro, ukiifuta fremu kwa spiriti kabla ya kubandika. Kwa milango ya mbele, shona mfuko wa neti unaouvisha mlango mzima kutoka juu kama foronya, kisha funga mlango. Kioo unakishusha na kukipandisha kwa ndani utakavyo.

Waliingia mapema. Saa moja jioni mlango uko wazi na taa ya ndani inawaka. Zima taa, funga neti kabla ya magharibi, kisha tafuta kwa tochi kwenye dari na chini ya viti.

Ni usubi, si mbu. Kwenye mikoko na fukwe tulivu neti ya kawaida haiwazuii. Wanahitaji neti ya matundu madogo zaidi, na kwa kuwa hiyo inakata hewa, weka feni pia.

Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo hata neti za madirisha zikiwa nzuri mimi bado nafunga chandarua chenye dawa juu ya kitanda. Ile dawa ya mbu ya duara ya kuchoma isiingie garini: moshi wake unajaa eneo dogo, na kaa lake liko karibu na godoro.

MVUA INAINGIA

Mara nyingi mwanya uko upande wa upepo. Ufunge, ufungue mingine miwili upande uliokingwa, mmoja mbele na mmoja nyuma. Si bora kama mianya inayoelekeana, lakini ni bora mara nyingi kuliko kufunga vyote. Vikinga mvua vya plastiki vinavyobandikwa juu ya vioo vya mbele vinakuruhusu kushusha kioo vidole viwili hata mvua ikinyesha wima, na bei yake si ya kutisha.

Maji yakijaa kwenye reli ya kioo cha kusukuma na kumwagikia ndani, vitundu vya kutolea maji vimezibwa na vumbi. Chokonoa kwa mswaki wa zamani na waya laini, kisha mwaga kikombe cha maji uone yanatokea nje. Na ukisikia maji yanacheza ndani ya mlango unapofunga breki, angalia ukingo wa chini wa mlango. Kuna vitundu pale pia, navyo huziba kwa tope.

UNASITA KUACHA KIOO WAZI

Hofu hii ni ya haki. Mwanya usizidi ule ambao ngumi haipiti. Lakini kumbuka kuna wanaovua kwa waya kupitia mwanya mdogo, kwa hiyo simu, pochi na suruali visikae karibu na dirisha. Lala mahali penye mlinzi, ulipie. Ukiwa ndani ya hifadhi ya wanyama, fuata maelekezo ya askari wa wanyamapori, chakula kikae kwenye sanduku linalofungwa, na vioo usivishushe zaidi ya vidole viwili: nyani wana mikono myembamba.

KIOO CHA UMEME KINAGOMA KUPANDA

Gari limezimwa. Vioo vingi vya umeme havifanyi kazi bila ufunguo kuwashwa. Panga mianya kabla ya kuzima, na ufunguo usiuache umewashwa usiku kucha, utaua betri.

Betri imeshuka. Pima: volti 12.6 imejaa, karibu 12.2 imebaki nusu hivi.

Reli kavu au chafu. Kioo kinapanda kwa kusuasua, na ukikisaidia kwa viganja viwili kinakwenda. Safisha raba za reli, upulize silikoni ya kunyunyiza, si grisi, kwani grisi hukusanya vumbi.

Fyuzi. Ibadilishe kwa ile ile yenye ampea zile zile. Ikiungua tena, acha. Nimeona mtu akiweka waya wa shaba badala ya fyuzi mvua ilipoanza, na kabla hatujafika mjini swichi ya mlango ilikuwa imeyeyuka. Harufu ya kuungua mlangoni, au kioo kilichoanguka ndani ya mlango, ni kazi ya fundi umeme wa magari. Kwa usiku huo, bandika nailoni nzito kwa nje, na ufungue mwanya mwingine mahali pake.